Tembo Limechacha, au Limeingia Sumu?

Mtu akionja tembo la mnazi akakunja uso, husema limeharibika. Kuhusu ladha huwa hajakosea. Kuhusu hatari hukosea mara nyingi. Tembo kali linaweza kuwa salama kabisa, na tamu likawa na mauti ndani yake. Kwa wanaogema na wanaokunywa katika mashamba ya minazi ya Lamu, hizi ni hukumu mbili tofauti, na kila moja ina njia yake ya kupimwa.

Utomvu unaodondoka kutoka kwenye karara lililokatwa kwa kotama ni maji matamu yenye sukari zaidi ya asilimia 10, na kipimo chake cha asidi kinakaribia 7, sawa na maji ya kawaida. Hauchemshwi wala hautiwi hamira. Hamira ya mwituni na bakteria huja na hewa, huja na nyuki, na zaidi ya yote hutoka kwenye masalio ya jana ndani ya kibuyu. Anayepika bia nyumbani kule Ulaya huchemsha kila kitu, kisha akahofia kimelea kimoja kilichopenya. Mgema hana anasa hiyo, kwa kuwa kwake vimelea vyote vimekwisha kuingia. Anachopaswa kujua ni vipi vimetangulia na vimefika wapi.

Mambo yakienda sawa, ndani ya saa chache tembo hugeuka jeupe kama tui, hutoa povu dogo lisilokatika, na hunukia hamira na matunda mabivu. Kileo hufika asilimia 4 au 5, na kipimo cha asidi hushuka hadi karibu 4. Likilala siku ya pili katika dumu lililo nusu, bakteria wanaohitaji hewa hugeuza kileo kuwa siki. Mnywaji hulalamika, mpishi hufurahi: siki ya mnazi ina kazi yake kwenye achari. Na katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa Lamu, kileo kilichogeuka siki chenyewe, bila kutiwa kitu, ni tohara.

Limimine taratibu kutoka juu. Likivutika uzi badala ya kukatika, kuna bakteria waliogeuza sukari kuwa ute. Halipendezi, lakini si sumu. Tazama uso wake: utando mweupe wenye mikunjo ni hamira ya mwituni iliyopata hewa, nayo huharibu ladha tu. Utando wenye manyoya, wa kijani au mweusi, ni ukungu. Mwaga lote, usiengue juu ukanywa chini. Harufu ya samli iliyoharibika au ya matapishi nayo ni ya kumwaga. Karatasi ya kupimia asidi inasaidia pia: tembo la jana ambalo bado liko 6 halikuchacha inavyopaswa, na ulinzi wake ni mdogo.

Hapo ndipo uwezo wa pua na ulimi unapokomea.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji hayo ndiyo ya kuogopa kuliko ukali wowote. Asidi ya tembo lililochacha huwaelemea vijidudu vya kipindupindu. Maji ya kisima kifupi kilicho jirani na choo, yakitiwa dakika chache kabla ya kuuza, huipunguza asidi hiyo na hayaipi muda wa kufanya kazi. Sukari kidogo ikiongezwa, ladha haitamsaliti muuzaji.

Methanoli ni mbaya zaidi. Mei 2014 iliua zaidi ya watu 80 nchini Kenya, Embu na Kiambu zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Haitokani na mnazi kuchacha. Hutiwa na mtu anayetaka kinywaji kiwe kikali kwa bei rahisi. Wapo wanaopima kwa kiberiti. Kipimo hicho hakifai kitu: methanoli na kileo cha kawaida vyote huwaka kwa moto wa buluu hafifu, na tembo halisi haliwaki kamwe.

Halafu kuna Chitima, Msumbiji. Januari 2015, waombolezaji walikunywa pombe ya unga wa mahindi. 75 wakafa, pamoja na mwanamke aliyeipika. Watu walisema ni nyongo ya mamba. Maabara ilikuta asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria Burkholderia gladioli. Haina ladha, haina harufu, wala haiondoki kwa kuchemshwa. Indonesia waliijua zamani kutokana na chakula cha machicha ya nazi, wakakipiga marufuku mwaka 1988. Anayechanganya tembo na unga au machicha yaliyokaa unyevuni anacheza na jambo hilo hilo.

Kwa hiyo ulizia kabla ya kuonja: limegemwa lini, limewekwa katika chombo gani, na limetiwa nini. Muuzaji asiyejibu, muache na tembo lake. Na ikiwa mwenzako amekunywa, kisha baada ya saa 12 au hata siku nzima akasema macho yanaingia ukungu, huenda ni methanoli: usimlaze akapumzike. Mvushe hadi hospitali ya King Fahd ya Lamu usiku huo huo, na uchukue tembo lililobaki ili lipimwe.