Kranki ya Kupandia Kigali: Hesabu Zilizoifikisha kwenye Meno 34

Septemba 28, 2025, Tadej Pogačar alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani mjini Kigali. Mbio zilikuwa za kilomita 267.5, jumla ya kupanda mita 5,475, na waliofika mwisho walikuwa waendesha baiskeli 30 tu. Kipande kilichozungumziwa sana ni Kwa Mutwe, mtaani Nyamirambo, mita 400 za barabara ya mawe kwa mwinuko wa asilimia 11. Mabingwa wameondoka, kilima kipo palepale, na anayekipanda sasa ni kijana mwenye baiskeli ya mbio ya mtumba iliyotoka Ulaya. Baiskeli kama hiyo mara nyingi huwa na gia mbili za mbele, moja ya meno 53 na nyingine ya meno 39. Yule aliyeinunua mara ya kwanza huenda aliishi kwenye tambarare.

Uchambuzi huu unaifuata baiskeli moja ya namna hiyo hatua kwa hatua, kutoka kranki iliyokuja nayo hadi ile inayoifaa Kigali. Ni ya alumini, vifaa vyake ni Shimano 105 toleo la 5700, gia za nyuma ni 10 kuanzia meno 12 hadi 25, na mikono ya kranki ina urefu wa milimita 172.5. Vifaa hivyo bado ni vizima na vinastahili kutunzwa. Kinachokosekana ni gia ya kupandia.

Wengi wakitaka kubadilisha kranki huanza na uzito au jina la kampuni. Mimi naanza na meno, kwa sababu ndiyo yanayoamua goti litabeba nini kilimani. Gurudumu la baiskeli ya mbio lina mzingo wa karibu mita 2.1. Gia ya 39 mbele na 25 nyuma humsogeza mwendeshaji mita 3.28 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Tuchukue mtu na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 80, mtu wa mazoezi anayeweza kutoa wati 200. Kwenye mwinuko wa asilimia 11 atakwenda karibu kilomita 8 kwa saa. Kwa gia hiyo miguu yake itazunguka mara 40 kwa dakika, na kila mkanyago utabeba wastani wa kama kilo 28. Huo ni wastani tu. Pedeli inaposhuka kwa nguvu zote, mzigo unakaribia mara mbili ya hapo.

Akipata 34 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja humsogeza mita 2.55. Kasi ni ileile, wati ni zilezile, lakini miguu inazunguka mara 51 kwa dakika na wastani wa mkanyago unashuka hadi kilo 22 na ushei. Mara 51 bado ni polepole, sikatai. Lakini mtu anayezunguka hivyo hubaki ameketi na pumzi ikiwa mahali pake. Wa mara 40 hulazimika kusimama na kuyumba, na juu ya mawe gurudumu la nyuma huteleza.

Hofu inayowazuia watu ni kwamba wakishuka kutoka 53 hadi 50 watapoteza kasi kwenye mteremko. Hesabu inakataa. Gia ya 53 kwa 12 hutoa mita 9.28 kwa mzunguko, na 50 kwa 11 hutoa mita 9.55. Mradi kaseti mpya, yaani seti ya gia za nyuma, ianzie kwenye meno 11, gia ya juu kabisa ni kubwa kuliko ya zamani. Kwa mizunguko 90 kwa dakika hiyo ni kasi ya zaidi ya kilomita 51 kwa saa, na wachache sana kati yetu huihitaji nje ya mteremko.

Je, haiwezekani kuiacha kranki ileile na kubadilisha gia ndogo ya mbele peke yake? Kranki ya 53/39 ya zama hizo ina bolti tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 130. Gia ndogo kuliko zote inayokaa kwenye duara hilo ni ya meno 38. Ukishuka chini ya hapo, mnyororo unagusa mikono inayoshika bolti. Kulipa pesa ili kupunguza jino moja ni hasara. Kranki ya 50/34 ina duara la milimita 110, ndiyo maana hapa hatununui gia tu, tunanunua kranki nzima. Tangu Dura-Ace 9000 ya mwaka 2012, Shimano wametengeneza kranki za mikono minne ambazo hupokea 50/34, 52/36 na 53/39 juu ya mhimili uleule. Mwenye gia 11 za nyuma atafute hizo, maana akihama mji hubadilisha gia pekee. Kwa baiskeli yetu ya gia 10, kranki iliyotengenezewa mnyororo wa gia 10 ndiyo salama zaidi, na 105 FC-5750 ya 50/34 bado hupatikana kwa wauza vifaa vya mitumba.

Uteuzi mwingi huharibikia hapa, kwa kusahau kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo. Kila kifaa cha aina hiyo kina kikomo cha kiasi cha mnyororo ambacho kinaweza kukivuta unapolegea. Kinacholinganishwa na kikomo hicho ni jumla ya tofauti ya gia za mbele na tofauti ya gia za nyuma. Kile cha mkono mfupi cha 105 5700 kikomo chake ni meno 33. Mbele, 50 kutoa 34 ni 16. Nyuma, 28 kutoa 11 ni 17. Jumla ni 33 kamili. Ndiyo sababu nikasimama kwenye 28, ingawa 32 ingeshusha zaidi mzigo wa goti. Kwa 32 jumla ingekuwa 37, na mwenye baiskeli angelazimika kununua pia kifaa cha mkono mrefu.

Mnyororo nao unatupa faida ambayo sikuitarajia nilipoanza kupiga hesabu. Urefu wake hutegemea gia kubwa ya mbele ikijumlishwa na kubwa ya nyuma. Zamani ilikuwa 53 na 25, yaani 78. Sasa ni 50 na 28, nayo ni 78. Idadi ya pingili haibadiliki. Hata hivyo, mnyororo uliochakaa usiwekwe juu ya meno mapya, kwa kuwa utayala ndani ya muda mfupi.

Baada ya meno inakuja fremu. Fundi wa mtaani aliyezoea baiskeli za Black Mamba anajua kranki inayoshikwa kwa kotapini, na kwake kazi ni nyundo na jicho. Baiskeli ya mbio inadai rula. Pima upana wa bomba la fremu linalobeba ekseli ya kranki. Likiwa na milimita 68 na hesi ndani, ni la mtindo wa Kiingereza, na kikombe cha beringi cha upande wa kulia hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Likiwa na milimita 70, yaelekea ni la Kiitalia, ambalo hukazwa kwa mwelekeo wa saa pande zote mbili. Nimeshaona hesi za fremu nzuri zikiliwa kwa sababu tu mtu alisukuma spana upande aliouzoea. Bomba lisilo na hesi huhitaji beringi za kushindilia, nazo hazifanani: BB30 ina tundu la milimita 42, BB86 ina la 41. Kisha angalia unene wa ekseli. Ya Shimano ni milimita 24, na ya DUB ya kampuni ya SRAM ni 28.99, kwa hiyo haiwezi kupita kwenye beringi za Shimano hata ukiisukuma kutwa. Baiskeli yetu ina bomba la Kiingereza la 68 na beringi za milimita 24 tayari. Kranki mpya inaingia palepale ilipotoka ya zamani.

Urefu wa mikono nao uliangaliwa. Kwa miaka mingi watu warefu waliambiwa kuwa mkono mrefu huongeza nguvu. Mwaka 2001 watafiti Martin na Spirduso walichapisha utafiti uliolinganisha mikono ya milimita 120 hadi 220, na kiwango cha juu cha nguvu kilitofautiana kwa asilimia 4 tu. Pogačar mwenyewe amehamia mikono ya milimita 165. Mkono mfupi hupunguza kukunjika kwa goti na nyonga pedeli inapofika juu, na nafuu hiyo huonekana zaidi kwa mtu aliyeinama. Tulichagua 170, na kiti kikapandishwa milimita 2.5 kufidia. Kwa mtu mfupi, 165 ni bora zaidi, na nashauri asisite.

Uzito nimeuacha nyuma kwa makusudi. Kati ya kranki ya kawaida ya 105 na ile ya bei ya juu ya Dura-Ace za zama moja, tofauti ni kiasi cha gramu 100. Kupanda mlima Mont Kigali, kilomita 5.9 kwa wastani wa asilimia 6.9, humchukua mtu wetu wa wati 200 dakika 30 na ushei. Gramu 100 zitamwokolea sekunde mbili hivi. Pesa ya kranki ya bei ya juu inunue tairi nzuri na pedi za breki, maana Kigali kila kilichopandwa hushukwa.

Bei ya juu pia haimaanishi usalama. Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa kranki za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, kwa sababu vipande viwili vya alumini vilivyogundishwa kuunda mkono vilikuwa vikiachana. Marekani peke yake zilihusika kranki zipatazo 680,000, na taarifa za kuachana zilizopokelewa zilikuwa 4,519, sita kati yake zikiwa na majeruhi. Modeli zenyewe ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P. Kranki za 105 hazikuwamo. Kranki za modeli hizo huzunguka kwenye masoko ya mitumba, na muuzaji huenda hana habari. Soma namba ya modeli nyuma ya mkono, kisha pitisha ukucha kwenye kiungo. Ukihisi ufa, au kranki ikilia ukiikanyaga, iache, hata ikiwa ya bure.

Kufunga kunahitaji spana yenye kipimo cha nguvu. Vikombe vya beringi hukazwa kwa nyutonimita 35 hadi 50, bolti mbili za mkono wa kushoto kwa 12 hadi 14, na kifuniko cha plastiki kwa vidole au zaidi kidogo, nyutonimita 0.7 hadi 1.5. Kwa kuwa gia ya meno 50 ni ndogo, kifaa cha mbele kinachohamisha mnyororo kinateremshwa karibu milimita 6, hadi kiwe juu ya meno kwa milimita 1 hadi 3. Bila hivyo mnyororo utaanguka mara kwa mara, na lawama itaangukia kranki isiyo na kosa.

Basi uamuzi wangu kwa Kigali ni huu: gia za mbele 50/34, kaseti ya 11 hadi 28, mikono ya 170, alumini ya kufuliwa, hata ikiwa ya mtumba, mradi haina ufa. Anayeendesha Dar es Salaam hadi Bagamoyo, ambako upepo ni mgumu kuliko vilima, abaki na 53/39 yake. Haina kosa lolote pale.