Shahidi Mdogo wa Safari ya Wakati

Msomaji aliyelelewa na riwaya za mapenzi na za upelelezi, akipewa kwa mara ya kwanza riwaya ya sayansi, aghalabu huingiwa na hofu kuwa atadaiwa hesabu kabla ya kupewa hadithi. Hofu hiyo ilinishika mimi, hapa Wambaa, Pemba, usiku mmoja wa msimu ambapo nyumba nzima ilikuwa imekaa mkekani ikitenga karafuu na makonyo, nami, baada ya kunawa mikono, nikaifungua The Time Machine, riwaya fupi ya H. G. Wells iliyotoka mwaka 1895. Niliisoma hata ikaniishia mikononi, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: mwandishi huyu alifanyaje hata mgeni kama mimi akasadiki kuwa mtu ameondoka nyumbani kwake Richmond akafika mwaka 802,701?

Hila yake ya kwanza ni kuitia shaka ndani ya hadithi yenyewe. Msafiri, ambaye hatajwi jina, amezungukwa na daktari, mhariri na wageni wengine wanaompinga kila mmoja kwa ilimu yake, na pingamizi ambalo msomaji alikuwa akiliandaa moyoni hulisikia likitamkwa na mwingine kabla yake. Na mwenye kuona shaka yake imeheshimiwa hulegeza moyo, akasikiliza. Hila ya pili ni uchache wa maelezo ya mtambo. Twaambiwa habari ya nikeli, ya pembe za ndovu, na ya nyenzo mbili ndogo ambazo msafiri huzifungua na kuzitia mfukoni ili mtu asiuchezee mtambo wake, mithili ya mvuvi apandaye kutoka pwani na usukani begani. Na tendo hilo la kawaida hutufanya tuuone mtambo ambao hatukuelezwa unakwendaje.

Hila ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni shahidi. Msafiri hurudi akichechemea, hana viatu, ana njaa ya nyama, na mfukoni mna maua mawili meupe aliyotiwa na Weena, kiumbe wa zama hizo za mbali ambaye msafiri alimwokoa asizame mtoni. Daktari huyachunguza, asiweze kuitambua aina yake. Maua mawili yaliyonyauka yamefanya kazi ambayo kurasa mia za hoja zisingeifanya.

Hapo ndipo nilipobaini kuwa mimi sikuwa mgeni. Nani kwetu, aliyezoea kuisikiliza Suratul Kahf kila Ijumaa, asiyewajua vijana wa pangoni waliolala miaka mia tatu na tisa, kisha wakamtuma mmoja wao mjini na sarafu ya fedha akanunue chakula? Na katika Suratul Baqara yumo mtu, ambaye wafasiri wengi humtaja kuwa ni Uzair, aliyefishwa miaka mia kisha akafufuliwa: chakula chake hakikuharibika, na punda wake amekuwa mifupa. Hizo kwetu ni habari za kweli, wala sizilinganishi na utunzi wa mwanadamu. Walakini zimelifunza sikio letu kuupima urefu wa zamani kwa kitu kidogo kishikikacho mkononi.

Na katika utunzi wetu wenyewe, mwandishi Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa kisiwani humu Pemba mwaka 1947, aliuacha mtambo kabisa katika riwaya yake Babu Alipofufuka ya mwaka 2001. Chombo chake ni babu mwenyewe, aliyerudi kutoka kwa wafu ili amchukue mjukuu wake, aitwaye kwa herufi moja tu, K, na kumpitisha katika yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Nauona uteuzi huo kuwa ni wa hekima, kwani mtambo waweza kukanwa na asiyejua ufundi, lakini nani atamkana babu yake? Itibari ambayo Wells aliitafuta kwa mabishano ya mezani, Said ameipata kwa haki ya ukoo.

Basi nawasihi vijana wetu wenye kalamu wasingoje kuhitimu sayansi ndipo watunge safari za wakati. Na wachague shahidi mmoja mdogo, wamjue vyema, wamfikishe salama mkononi mwa msomaji. Nawe msomaji mgeni, anza na Wells, kwa kuwa kitabu chake ni kifupi, kisha umsome Said Ahmed Mohamed.