Uchawi Wenye Masharti

Ukitaka kuupima mfululizo wa riwaya za fantasia, usianze na joka. Joka mtu yeyote anaweza kulichora. Anza na sufuria.

Katika The Lord of the Rings, ambayo J.R.R. Tolkien aliitoa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, yumo mtunza bustani aitwaye Sam. Anamfuata bwana wake, Frodo, kuelekea nchi ya adui huku amebeba mgongoni vyombo vya kupikia na kikasha cha chumvi. Njaa inapowabana anapika sungura kwa mimea ya kunukia, bwana wake anakula, na Sam kwa furaha yake anasahau kuuzima moto sawasawa. Moshi unapanda juu ya miti, askari wasiowajua wanawazingira, na safari nzima inachukua mkondo mwingine kwa sababu ya kitoweo. Baadaye sana, katika juzuu ya mwisho, wamekuwa hoi hata hawawezi kubeba kisicho cha lazima. Sam anavitupa vyombo vile kwenye ufa wa ardhi, na kuvisikia vikigongana huko chini kunamuuma. Hakuna upanga wala laana hapo, ila msomaji aliyetembea na sufuria zile tangu mwanzo hahitaji kuelezwa chochote: huyu mtu ameshakubali kwamba hatapika tena.

Mwandishi aliyekumbuka sufuria atakumbuka na mengine. Kwa hiyo ukishika juzuu ya kwanza ya mfululizo usioujua, tafuta watu wanakula nini, nani amekipika, wanalala wapi, na miguu inawauma au haiwaumi. Mashujaa wakikatiza jangwa kwa siku nyingi bila kiu, basi hata wakifa hutasikitika.

Baada ya hapo njoo kwenye uchawi wenyewe. Mganga wa kijijini hakupi dawa tupu. Anakupa na masharti: usile hiki, usipite kule, usigeuke nyuma. Ukimsikiliza mtu akisimulia habari za waganga, utaona dawa inatajwa kwa sentensi moja na masharti yanachukua jioni nzima, kwa kuwa ndani ya masharti ndimo mtu anamoshindwa. Fantasia iko hivyohivyo. Usiulize uchawi huu unaweza nini. Uliza unakataa nini, na anayeutumia analipa kwa kitu gani.

Aliyelijua hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyeanza mfululizo wake wa visiwa vya Earthsea mwaka 1968 kwa A Wizard of Earthsea. Kijana Ged, mchunga mbuzi mwenye kipaji kikubwa na kichwa kikubwa zaidi, anachukuliwa na mganga Ogion awe mwanafunzi wake. Wanasafiri kwa miguu, mvua inanyesha. Kijana anasubiri mzee aifukuze, maana hata waganga uchwara wa huko huyasukuma mawingu yaende kwa jirani. Ogion hafanyi kitu. Anatafuta mti wenye majani mazito, anajilaza chini yake na kuiacha mvua inyeshe inakotaka. Ged anakesha amelowa, amenuna, akijiuliza uwezo una faida gani kama hautumiwi. Ukurasa huo mmoja umebeba sheria yote ya Earthsea: mvua ukiihamisha hapa, kuna kisiwa kitaikosa au kitafurikwa nayo.

Kijana halijui hilo bado, na ndiyo maana hadithi ipo. Anakwenda shule ya waganga kisiwani Roke, anachokozwa na mwenzake, na kwa kiburi anamwita mfu aliyekufa zamani. Kwenye mlango alioufungua kinapenya kivuli kisicho na jina, kinamrarua uso, na mkuu wa shule anamaliza uhai wake kuuziba mlango huo. Kitabu kizima kilichobaki ni malipo ya dakika zile chache. Hata Ged alipokwishakuwa mganga kamili, mtoto wa rafiki yake anaumwa homa, na yeye, kwa huruma safi kabisa, anamfuata mbali kupita inavyoruhusiwa katika nchi ya wafu. Mtoto anakufa. Ged nusura asirudi. Mwandishi mvivu angemwacha amponye mtoto ili tumpende, na kuanzia siku hiyo kila kifo kitabuni kingekuwa uzembe wa mganga.

Pwani yetu haina haja ya kufundishwa jambo hili. Katika utenzi wake, shujaa Fumo Liyongo haingiliki kwa mkuki wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni, na mwenye kuichoma ni mwanawe. Angekuwa hafi kabisa tungeshamsahau. Na alipofungwa gerezani, hakutoka kwa muujiza bali kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mkate mbovu ambao walinzi, waliozoea kula vizuri vya mfungwa, hawakuutaka. Mtunzi aliyefikiria ulafi wa walinzi anaijua kazi yake.

Siku hizi kuna mtindo mwingine, wa uchawi wenye kanuni zilizoandikwa kama za hesabu. Bingwa wake ni Brandon Sanderson. Katika Mistborn (2006) watu wachache wenye kipaji humeza chembe za madini na kuziunguza tumboni, kila madini kwa kazi yake. Chuma cha pua humwezesha mtu kusukuma vyuma vilivyo karibu. Msichana Vin anatupa sarafu chini na kuisukuma. Ikiwa angani bado, inaruka kama risasi. Ikishagota ardhini haina pa kwenda, basi anayerushwa ni yeye, juu ya mapaa ya jiji. Akipungukiwa na madini tumboni, anaanguka kama mtu mwingine. Sanderson anasema waziwazi kwamba mwandishi ana haki ya kutatua shida kwa uchawi kwa kadiri tu msomaji alivyouelewa uchawi huo, na katika mapigano ya vitabu vyake huoni udanganyifu hata kidogo. Uhondo wake ni kama wa bao: unaona kete zote, kisha mchezaji anakula usipotarajia. Ninachokosa kwake ni Ogion. Kuna kurasa ambapo wahusika wanaelezana kanuni kama fundi na kijana wake, na nafsi zao zinabaki nyepesi kuliko sarafu wanazorusha.

Robin Hobb yuko upande wa pili kabisa. Kuanzia Assassin's Apprentice (1995), kijana Fitz anatumia kipaji cha kuingia katika mawazo ya wengine, na kila mara anatoka na kichwa kinachopasuka. Dawa ipo, chai ya gome chungu, nayo inamtuliza kichwa na kumwachia huzuni nzito. Hakuna kanuni ya kukariri hapo, lakini mwili haudanganyi. Wasomaji wa Hobb ninaowajua humzungumzia Fitz kwa hasira ya ndugu: kwa nini amefanya vile tena?

Pita hatua moja mbele uangalie jamii. Kama wamo watu wawezao kutikisa ardhi, sheria, ndoa na malezi haviwezi kubaki kama vya kawaida na uchawi ukapachikwa juu yake. N.K. Jemisin amelifanya hili vizuri kuliko yeyote wa miaka ya karibuni katika mfululizo wake wa Broken Earth, ambao juzuu zake tatu zilipata tuzo ya Hugo ya riwaya bora kwa miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Watu wake hutuliza matetemeko, na nguvu wanayoitumia huivuta kwenye joto lililo karibu, hata walio jirani waweze kuganda wakafa. Basi nchi inawahitaji na kuwachukia kwa pamoja. Inawafuga tangu utotoni, inawapa walinzi wenye kuwaua wakikaidi, na jirani mwema anaweza kumuua mtoto aliyemgundua kuwa ana kipaji hicho. Ukimaliza unajua ushuru wa nchi ile na matusi yake.

Naye Philip Pullman, katika Northern Lights (1995), amempa kila mtu nafsi inayotembea kando yake kwa umbo la mnyama. Ya mtoto hubadilika, ya mtu mzima imetulia katika umbo moja. Wazo linapendeza, na wasomaji wengi hupenda kujiuliza wangekuwa na mnyama gani. Lakini thamani ya wazo hilo inaonekana pale msichana Lyra anapomkuta mvulana aliyetenganishwa na nafsi yake kwa makusudi. Amejikunyata bandani, amekumbatia kipande cha samaki mkavu, kwa kuwa lazima akumbatie kitu. Baadaye wakubwa wanamtupia mbwa samaki yule, na Lyra anawaka kwa hasira. Kama mwandishi anaweza kukutoa machozi kwa samaki mkavu, mfuate hadi juzuu ya mwisho.

Ramani na majina nitavipita haraka. Ramani nzuri haithibitishi kitu. Majina yanasema zaidi: Tolkien alikuwa profesa wa lugha Oxford, alibuni lugha kabla ya hadithi, na majina ya watu wake yana undugu kama ya vijiji vya kabila moja. Ukikuta ritifaa zimemwagwa katikati ya kila jina, ogopa. Sisi tunayo moja, ya ng'ombe, na inafanya kazi.

Panapowaangusha wengi ni katikati. Mwanzo una upya, mwisho una vita, katikati hapana pa kujificha. Robert Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990 kwa wazo zito: wanaume wenye kipaji cha nguvu wataingiwa na wazimu, kwa kuwa upande wao wa nguvu hiyo umechafuliwa. Kufika juzuu ya kumi, ya 2003, sehemu kubwa ya kitabu inatuonyesha watu mbalimbali walikuwa wapi wakati tukio la juzuu ya tisa linatokea. Bado naupenda mfululizo huo, ila juzuu hiyo simkabidhi mtu. Jordan alifariki mwaka 2007, na Sanderson akaumaliza kwa juzuu tatu hadi 2013. Mwendo ukarudi, ingawa Mat, mcheza kamari, anachekesha kwa namna ambayo si yake. Kwa mfululizo wa George R.R. Martin ni vingine: katikati yake imeiva, ila tangu 2011 wasomaji wanasubiri juzuu ya sita. Usilipie mfululizo usioisha kama huna subira.

Dukani, basi, chukua juzuu ya pili au ya tatu, si ya kwanza. Fungua katikati, soma kurasa kumi. Je, kuna jambo limetokea ambalo haliwezi kurudishwa? Kama watu wamekutana, wamepanga, wamekunywa na kuachana, rudisha kitabu rafuni.

Terry Pratchett anakikwepa kipimo hiki, kwani Discworld, riwaya 41 kuanzia 1983, haina katikati. Karibu kila kitabu kinasimama peke yake. Usianze na cha kwanza, kilichojaa mzaha juu ya vitabu vya wengine. Anza na Guards! Guards! ya 1989, ukutane na Sam Vimes, askari mlevi, kisha umfuate hadi kitabu chake kinachofuata, atakapopiga hesabu ya viatu: tajiri hununua jozi moja ya bei inayodumu miaka, maskini hununua vya rahisi tena na tena, hutumia fedha nyingi zaidi, na miguu bado inalowa. Yeyote aliyewahi kununua viatu vya bei chee vikaachia soli ndani ya mwezi atacheka kwa uchungu. Dunia ile imebebwa na kobe mkubwa, na kilichonifanya niiamini ni soli.

Ukiniuliza umpe nini mtu ambaye hajawahi kusoma fantasia, mpe juzuu tatu za kwanza za Earthsea. Ni nyembamba, atazimaliza kwa wiki mbili. Mwonye tu kwamba ya pili inaanza na msichana gizani, Tenar, na Ged anachelewa sana kutokea. Asivunjike moyo. Ya nne, Tehanu, aliiandika Le Guin mwaka 1990, miaka 18 baada ya ya tatu, na imewagawa wasomaji hadi leo. Ged amepoteza uwezo wake wote na anachunga mbuzi kama alivyofanya utotoni. Wahuni wanapovamia nyumba ya Tenar usiku, mganga mkuu wa zamani wa dunia nzima anamchoma mmoja wao kwa uma wa kugeuzia nyasi, mikono ikitetemeka, kisha anabaki kuhangaika kama mtu yule atapona au atakufa. Wapo waliokasirika kunyang'anywa shujaa wao. Hiyo usimpe kijana. Mwache aoe au aolewe kwanza, agombane kidogo juu ya nani anaosha vyombo, halafu mwazime.