Mkimbizi na Mtoro: Uhakiki wa Sauti ya Idrimi katika Sanamu ya Alalakh

Sanamu ya Idrimi, mfalme wa Alalakh katika karne ya 15 K.K., ilifukuliwa na Leonard Woolley mwaka 1939 huko Tell Atchana, kusini mwa Uturuki ya leo. Mwilini mwake imechorwa mistari 104 ya Kiakadi, na msimulizi ni nafsi ya kwanza umoja. Aghalabu matini hii husomwa kama hati ya kihistoria. Makala hii inaihakiki kama tawasifu, kwa hoja kwamba kiapo kinachomfanya msimulizi kuwa mfalme ndicho kinachoifanya sauti yake inyamaze mahali pamoja muhimu.

Masimulizi yanaanza kwa anguko. Balaa linaikumba nyumba ya baba yake huko Halab, na familia inakimbilia ujombani, Emar. Kaka zake wako naye, lakini hakuna anayewaza analowaza yeye. Anachukua farasi, gari la vita na mtumishi, anaingia jangwani, analala kwa Wasutu, kisha anaishi miaka saba miongoni mwa Wahabiru, watu waliotengwa na miji yao. Anaporudi kwa merikebu, nchi ya Mukish inampokea. Hata hivyo, Barattarna, mfalme mkuu wa Wahuri, anamfanyia uadui kwa miaka saba. Idrimi hamshindi kwa vita. Anamtuma mjumbe, anakumbusha mapatano ya wazee wao, anapeleka salamu na kuapa. Ndipo ufalme wake unapotambuliwa.

Msomaji wa leo anaweza kumwita kibaraka. Neno hilo halimfai. Kibaraka huchezeshwa, ilhali hapa vitenzi vyote vikuu ni vya Idrimi mwenyewe: anaondoka, anavuka, anatuma, anaapa. Utii wake unasimuliwa waziwazi kama tendo la hiari na la busara. Baada ya kiapo anavamia miji saba ya Wahiti, na kwa ngawira anajenga jumba lake. Mrudio wa saba unadokeza ufundi wa kisanaa. Jack Sasson, mwaka 1981, alipendekeza kuwa matini ilitungwa baada ya enzi ya Idrimi. Na kweli mwandishi wake, Sharruwa, anajitaja kwa jina na kuombewa dua.

Ukimya tunaouzungumzia unafichuliwa na kibao cha udongo kutoka Alalakh hiyohiyo. Humo Idrimi na mfalme mwenzake, Pilliya, wanakubaliana kurudishiana watoro, na mapatano yanahesabiwa tangu siku Idrimi alipomwapia Barattarna. Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili vizuri. Mkimbizi huhifadhiwa, mtoro hurudishwa. Katika sanamu, Idrimi ni mkimbizi anayestahili huruma yetu. Katika kibao, wanaovuka mpaka kama alivyovuka yeye wamekuwa watoro. Sanamu haitaji mapatano hayo. Badala yake inajivunia kuwapa Wasutu makazi na kuwajengea wasio na nyumba.

Je, huu ni unafiki? Kwa maoni yetu, jibu la ndiyo lingekuwa jepesi mno. Idrimi alijua kuliko yeyote kwamba mtu aliyefukuzwa anaweza kurudi siku moja na merikebu na wafuasi. Ufalme uliosimama juu ya kiapo haukuweza kuiacha wazi njia aliyoipitia mwenyewe. Fadhila kwa Wasutu ni za kweli, na ukali wa kibao ni wa kweli. Vyote viwili ni gharama ya kiti kimoja.

Mistari ya mwisho imechorwa shavuni, kana kwamba inatoka kinywani. Inasema ametawala miaka thelathini na kuwataka watu waisome na kumwombea baraka. Mhakiki anayeisikiliza sauti hiyo hana budi kukiweka kile kibao kando yake, na kuwasikiliza pia waliorudishwa mpakani, ambao hawakuchongewa sanamu.