Miguu na Mikono Isiyo na Majina

Mtu atokaye Cheyo, mjini Tabora, akifika Dar es Salaam na kusimama mbele ya Sanamu ya Askari, hana budi kuuliza: mpagazi yuko wapi? Sanamu hiyo ya shaba ilizinduliwa mwaka 1927, Dar es Salaam ulipokuwa mji mkuu wa Tanganyika, kwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika vita vya 1914–1918. Askari ameelekeza singe mbele, naye yuko peke yake.

Haki yake tuipe. Sanamu ya Wissmann, iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1909 na kuondolewa na Waingereza, ilimweka gavana Mjerumani juu na askari Mwafrika chini yake, akimtazama. Kumpandisha Mwafrika juu ya jiwe lilikuwa badiliko kubwa.

Lakini maandishi yaliyo chini ya askari huyo yanaishuhudia kasoro yake. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa. Hata hivyo mpagazi hakusimamishwa juu ya jiwe pamoja na askari, wala halipo jina hata moja. Nairobi, ukumbusho wa vita hivyohivyo humwonyesha mpagazi kando ya askari. Kwa hiyo jambo hilo liliwezekana. Nao wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, walikuwa wengi kuliko askari. Dar es Salaam imewahifadhi katika jina la Kariakoo tu, lililotokana na kikosi chao.

Sisi wa Tabora twaijua habari hii tangu zamani. Kule Kwihara ipo nyumba ya kumbukumbu ya Livingstone, alikokaa pamoja na Stanley mwaka 1872. Mwaka uliofuata mwili wake ulipitishwa Unyanyembe mabegani mwa watu, Susi na Chuma wakiwaongoza, hata ukafika Bagamoyo Februari 1874. Jiwe la kaburi lake mjini London lasifu mikono iliyomleta, lakini halisemi ilikuwa mikono ya nani.

Hapa ndipo theolojia inapohusika. Mtume Paulo naye aliwaita waamini viungo vya mwili (1 Kor. 12), lakini hakuishia hapo: katika Warumi 16 aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina, na Tertio aliyeuandika waraka akapata nafasi ya kujitaja. Kumwita mtu mkono pasipo kumpa jina ni kuishukuru kazi yake na kumsahau yeye mwenyewe.

Ndugu wachungaji, tusiilaumu sanamu ya serikali huku tukifanya vivyo hivyo. Tusomapo jiwe la msingi la kanisa, mara nyingi twaona jina la mmisionari au la askofu aliyelizindua. Waliobeba mawe hayo wana wajukuu katika sharika zetu. Tuwaulize majina mapema, wangali wanayakumbuka.