Kabla Zabuni Haijatangazwa

Juni 2013 bodi ya shule ya Los Angeles iliidhinisha mkataba wa dola milioni 30 na kampuni ya Apple. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza tu. Nia ya wilaya hiyo ya shule, ya pili kwa ukubwa nchini Marekani, ilikuwa kumpa kila mwanafunzi iPad yenye mtaala wa kampuni ya Pearson. Ukijumlisha na mitambo ya intaneti ya mashuleni, makadirio yalifika dola bilioni 1.3. Agosti 2014 mkuu wa wilaya, John Deasy, aliusitisha mkataba. Oktoba alijiuzulu, na Desemba maofisa wa FBI walifika katika ofisi za wilaya wakaondoka na masanduku 20 ya nyaraka.

Hakuna aliyefunguliwa mashtaka. Hata hivyo, barua pepe zilizochapishwa na vyombo vya habari zilionyesha kwamba viongozi wa wilaya walikuwa wakizungumza na watu wa Apple na Pearson tangu 2012, kabla zabuni haijatoka. Mtaala wenyewe ulinunuliwa ukiwa haujakamilika. Fedha zilitoka kwenye hati fungani za ujenzi wa shule, deni ambalo walipakodi hulilipa kwa miongo kadhaa, ilhali iPad huzeeka baada ya miaka michache. Mwaka 2015 wilaya ilimaliza mgogoro wake na Apple kwa makubaliano ya dola milioni 4.2.

Wafanyabiashara wengi wameondoka na funzo moja katika kisa hiki: usizungumze na shule kabla ya zabuni. Naona funzo hilo limekosewa, na linawaumiza zaidi wafanyabiashara wadogo, maana kampuni kubwa hazijawahi kulifuata. Anayeanza kazi siku tangazo la zabuni linapotoka amechelewa. Masharti yameshaandikwa, bajeti imeshapitishwa, na wanaoijua wilaya hiyo wameshajiandaa. Kutangulia si kosa. Kosa la Los Angeles lilikuwa mazungumzo ambayo washindani na umma hawakuyaona, kuhusu bidhaa ambayo masharti yake yalikuwa bado kuandikwa. Kuna njia za kutangulia ambazo ziko wazi kwa kila mtu, na ndizo ninazotaka kuzifungua hapa.

Kwanza ni kumjua mnunuzi. Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na kila moja hujinunulia yenyewe. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyezoea mfumo wa NeST, ambamo taasisi za umma za nchi nzima hutangaza zabuni mahali pamoja, atashangaa. Huku wilaya moja ina tovuti yake ya kusajili wauzaji, ya jirani ina nyingine, na ya tatu bado inapokea bahasha zilizofungwa kwa lakiri. Kila wilaya ina bodi, ambayo mara nyingi huchaguliwa na wananchi, na bodi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya mwisho juu ya mkataba. Mwalimu mkuu anaweza kuipenda huduma yako, mkuu wa idara akaitetea, lakini wote wawili hawana uwezo wa kuifunga wilaya kisheria.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mwalimu mkuu anapiga simu, ana shida ya haraka, muuzaji anapeleka mzigo, kisha ofisi ya fedha inauliza namba ya hati ya ununuzi, ile ambayo wafanyabiashara wa Nairobi wanaiita LPO. Kama haipo, wilaya inaweza kukataa kulipa, na sheria mara nyingi iko upande wake. Hati hutangulia, mzigo hufuata. Kanuni hiyo haina udugu.

Pili ni viwango vya fedha. Majimbo mengi yameweka kiasi ambacho kikivukwa zabuni ya wazi ni lazima. New York, mkataba wa kununua bidhaa unaozidi dola 20,000 unahitaji zabuni. California kiwango hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, na mwaka 2024 kilikuwa dola 114,500. Fedha zikitoka serikali kuu, kanuni za serikali kuu nazo zinaingia. Kwa miaka kadhaa kanuni hizo zilihesabu chini ya dola 10,000 kuwa ununuzi mdogo usiolazimu kulinganisha bei, zikairuhusu wilaya yenye rekodi nzuri ya ukaguzi kupandisha kiwango hicho hadi 50,000. Kati ya ununuzi mdogo na zabuni kuna eneo la katikati, ambapo wilaya inatakiwa kuomba nukuu za bei, aghalabu tatu, na kumchagua mmoja.

Eneo hilo la chini na la katikati ndiyo nafasi ya mfanyabiashara mdogo, na naliona halithaminiwi inavyostahili. Chukua kampuni ya ukalimani ya watu watatu huko Louisville, Kentucky, ambako Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Wengi wa wanaozungumza Kiswahili wanatoka familia za Kikongo zilizopewa makazi kama wakimbizi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya 1974, ziliweka msingi wa wajibu wa shule kwa watoto wasiojua Kiingereza. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inaitaka wilaya ihakikishe mzazi anauelewa mkutano wa mpango wa mtoto wake, hata kwa kumletea mkalimani. Wilaya hiyo si mteja wa kubembelezwa. Ina wajibu wa kisheria, na kila mkutano unaoahirishwa kwa kukosa mkalimani ni mama anayerudi nyumbani bila kujua mwanawe amepangiwa nini.

Kampuni hiyo haihitaji kusubiri zabuni ya miaka mitatu. Inajisajili kwa wilaya, inajaza fomu W-9 ya kodi, inapata cheti cha bima ya dhima kinachoitaja wilaya kama mnufaika wa ziada, na inahakikisha wakalimani wake wamechunguzwa rekodi za jinai, kwa alama za vidole pale jimbo linapotaka, kwa kuwa watakuwa karibu na watoto. Karatasi hizi zikiwa tayari, idara ya elimu maalumu inaweza kuanza na kazi ndogo kwa hati ya ununuzi ya dola elfu chache. Hapo inajengeka rekodi: mikutano mingapi, wakalimani walifika saa ngapi, wazazi walilalamika au la. Zabuni kubwa itakapotoka, ukurasa wa uzoefu utakuwa na cha kuandikwa.

Tahadhari moja. Kazi hiyo ikikua, usikubali kuigawanya katika hati nyingi ndogo ili ikae chini ya kiwango. Sheria zinakataza kukata manunuzi vipande kwa nia ya kukwepa zabuni, na mkaguzi wa hesabu huliona hilo kwa kujumlisha malipo ya mwaka. Badala yake, mwambie afisa manunuzi mapema kwamba jumla inakaribia mpaka. Atakuheshimu kwa hilo.

Tatu ni kusoma nyaraka za umma, kazi ambayo wazabuni wengi hawaifanyi. Ajenda na kumbukumbu za vikao vya bodi huwekwa wazi. California ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla. Humo utakuta mikataba iliyoidhinishwa, jina la muuzaji, kiasi na tarehe ya kuisha. Sheria ya California inaiwekea mikataba ya huduma kikomo cha miaka mitano, na ya bidhaa mitatu. Ukiona mkataba wa ukalimani uliopitishwa miaka minne iliyopita, unajua zabuni inakuja bila kuambiwa na mtu. Zaidi ya hayo, kila jimbo lina sheria ya kupata taarifa za umma. Unaweza kuomba nakala ya zabuni iliyoshinda mara iliyopita pamoja na karatasi za alama za waamuzi. Mara nyingi utapewa, isipokuwa kurasa chache za siri za biashara. Nazitazama karatasi hizo kuwa shule bora kuliko semina yoyote: unaona mshindi alipata 27 kati ya 30 kwenye uzoefu, na wa pili akapoteza nafasi kwa sababu hakueleza atampata wapi mkalimani wa Kinyarwanda kwa taarifa ya saa 24.

Mazungumzo na wakuu wa idara nayo yanaruhusiwa kabla ya tangazo. Yafanye ofisini, ukieleza unachoweza, ukiuliza wanapata shida wapi. Usiandike masharti ya zabuni kwa niaba yao. Kanuni za fedha za serikali kuu zinamzuia aliyeandaa masharti kushindania kazi hiyo hiyo. Tangazo likitoka, kimya kinaanza. Wilaya nyingi zinaagiza maswali yote yapite kwa afisa mmoja aliyetajwa, na kuwapigia simu wajumbe wa bodi wakati huo kunaweza kukuondoa kwenye mashindano.

Kuna njia nyingine ambayo wageni wa soko hili huifahamu wakiwa wamechelewa: kutumia zabuni iliyokwisha kushindaniwa na wengine. Vyama vya ununuzi wa pamoja kama Sourcewell ya Minnesota na BuyBoard ya Texas hutangaza zabuni moja, na wilaya wanachama zinanunua kupitia mkataba huo bila kuanza upya. Vilevile mkataba wa wilaya moja unaweza kubeba kifungu kinachoziruhusu wilaya nyingine kununua kwa bei ile ile. Ukishinda zabuni ya kwanza, omba kifungu hicho kiwemo. Kinageuza mteja mmoja kuwa kumi, na afisa manunuzi wa wilaya ya jirani anaokoa miezi ya kazi. Gharama yake ni ada ambayo baadhi ya vyama hukata kwenye mauzo, kwa hiyo ihesabu katika bei mapema.

Wauzaji wa intaneti na vifaa vya mtandao wana ulimwengu wao, mpango wa E-Rate uliotokana na Sheria ya Mawasiliano ya 1996. Shule hupata punguzo la kati ya asilimia 20 na 90 kutegemea umaskini wa wanafunzi wake na kama iko kijijini, na sehemu iliyobaki hujilipia. Wilaya huchapisha mahitaji yake kwa Fomu 470 na lazima isubiri siku zisizopungua 28 kabla ya kuchagua. Bei lazima ipewe uzito mkubwa kuliko kigezo kingine chochote. Zawadi zina mpaka mkali: dola 20 kwa mara moja, na jumla ya dola 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja. Chakula cha mchana alichonunuliwa mkuu wa teknolojia kinaweza kuifanya wilaya ikose ufadhili wa mwaka mzima. Uzuri wake ni kwamba Fomu 470 zote zinaonekana hadharani, hivyo kampuni ndogo ya mji wa mbali inaiona nafasi siku ile ile inayoonwa na kampuni kubwa.

Je, wilaya inaweza kununua bila ushindani? Inawezekana, pale ambapo kweli muuzaji ni mmoja tu, kama mwenye hakimiliki ya mtihani fulani. Muuzaji akipewa njia hiyo kwa kisingizio, aikatae. Chicago mwaka 2013 iliipa kampuni ya SUPES Academy mkataba wa dola milioni 20.5 wa kufundisha walimu wakuu bila zabuni. Mkuu wa wilaya, Barbara Byrd-Bennett, ambaye aliwahi kuifanyia kampuni hiyo kazi, alikiri kosa mahakamani mwaka 2015 na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu mwaka 2017. Wamiliki wa kampuni nao walihukumiwa kifungo. Mwaka huo huo wa 2013 wilaya ilifunga shule karibu 50 ikitaja uhaba wa fedha.

Kwenye kuandika zabuni yenyewe sitakaa sana, kwa kuwa anayeifuata njia hii atakuta nusu ya majibu anayo. Makosa yanayoua ni madogo: nyongeza ya masharti ambayo haikusainiwa, bei iliyoandikwa kwenye fomu isiyo yao, bahasha iliyofika saa nane na dakika moja wakati mwisho ni saa nane kamili. Afisa hawezi kukuhurumia hata akitaka, maana mshindani wako atakata rufaa. Jibu maswali kwa mpangilio na namba walizotumia wao, kwa sababu waamuzi hupewa karatasi ya alama yenye namba hizo hizo na wanasoma wakiwa wamechoka.

Kuhusu kalenda, mwaka wa fedha katika majimbo mengi huanza Julai 1. Bajeti hujadiliwa kati ya Januari na Mei, hivyo mazungumzo yenye maana ni ya vuli na mwanzo wa majira ya baridi. Fedha za dharura za korona, takriban dola bilioni 190 ambazo Bunge liliziidhinisha kati ya 2020 na 2021, ziliwazoesha wauzaji wengi kusikia ndiyo upesi. Mwisho wa kuzifungia mikataba zile za awamu ya mwisho ulikuwa Septemba 30, 2024, na sasa kila huduma iliyonunuliwa kwa fedha hizo inapigania nafasi kwenye bajeti ya kawaida. Kabla ya kuuza chochote, uliza fedha zinatoka mfuko gani na zinaisha lini.

Mkataba ukisainiwa, soma kifungu kinachoiruhusu wilaya kusitisha pale bodi isipotenga fedha mwaka unaofuata. Kimo katika mikataba mingi na hakiondolewi kwa maombi, kwa hiyo usikope kwa kutegemea mwaka wa tatu. Andika namba ya hati ya ununuzi kwenye kila ankara, na ambatanisha saini ya aliyepokea huduma. Halafu panga akiba ya kulipa wafanyakazi kwa siku 45 hadi 60, kwa sababu katika wilaya nyingine malipo hayatoki mpaka kikao cha bodi cha mwezi unaofuata kiyapitishe.