Ufundi wa Kuchagua Kontrol Boksi

"Gari lako linalala wapi?" Ndivyo anavyoanza fundi mmoja wa umeme wa magari pale mpakani Tunduma, mteja anapomletea Subaru Impreza yenye tabo akitaka kuifunga kontrol boksi ya mashindano, yaani kompyuta ya injini. Mteja huja na jina tayari mdomoni: Haltech ya Australia, Link ya New Zealand, au jingine alilolisikia kwa vijana wa Dar. Jina fundi halimshughulishi. Anataka kujua kama gari litashinda huku juu au litateremka pwani kila mwezi, linanywa mafuta gani, na nani mwingine hushika usukani.

Hayo si porojo. Uwanda wetu wa Mbozi uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Injini iliyosetiwa Dar kwa kompyuta isiyosoma mgandamizo wa hewa, ikifika Vwawa inazidiwa petroli na kutoa moshi mweusi. Iliyobaniwa mafuta ili ichangamke Tunduma, ikishuka pwani inaungua kwa kukosa mafuta: inaanza kugonga, na pistoni inapasuka. Tena Subaru nyingi za tabo zilisetiwa Japani kwa petroli ya oktani 100, na yetu haifiki huko. Kwa hiyo fundi hutafuta boksi linalopima hewa ya mahali lilipo na linalosikia injini ikigonga. Mengine kwake ni mapambo.

Ninachokihusudu mimi, hata hivyo, ni plagi. Akishafunga boksi, huliendesha gari kwa nguvu kwenye mpando, kisha anazima ghafla na kuegesha, injini isipate nafasi ya kusailensa. Injini ya Subaru imelala, plagi zimejificha ubavuni karibu na chesisi. Kuzitoa zikiwa za moto ni kuchubuka vidole. Anaifuta moja, anaielekeza kwenye jua, anaisogeza jichoni. Kauri nyeupe kavu: mafuta hayatoshi. Masizi: yamezidi. Anayoitafuta ni rangi ya kahawa iliyokaangwa nusu, na Mbozi nani ataomba kuelezwa rangi hiyo? Akiona vitone vidogo vinavyometa, gari haliondoki siku hiyo, maana pistoni imeanza kuyeyuka. Laptopu iko wazi kwenye kiti muda wote, lakini yeye huiamini baada ya plagi kukubali.

Macho hayo yalinolewa zamani, kabla ya laptopu. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, gari ambalo halikuwa na kompyuta hata moja. Waliokuwa wakiliandaa walisikiliza na kutazama.

Siku hizi seti ya mafuta inatumwa kwa simu na mtu ambaye hajawahi hata kuliona gari. Kijana anakata waya za kiwandani kwa plaizi, anaunga kwa tepu, anapokea hela yake. Masika yanaingia kwenye maungio, na gari linazimika katikati ya mlima Senjele, malori ya mpakani mbele na nyuma. Fundi wetu hakati. Kwanza anatafuta boksi linalochomekwa kwenye soketi ileile ya kiwandani. Likikosekana, anachomea kwa risasi, waya mmoja baada ya mwingine, na boksi la zamani anamkabidhi mwenyewe likiwa limefungwa kitambaa, alitunze. Kazi inakula siku mbili au zaidi. Wateja hununa.

Wanaokuja kujifunza kwake wanataka laptopu tu. Plagi wanaiona uchafu wa enzi za Peugeot. Wakishajua pa kubonyeza, wanavuka barabara na kufungua gereji zao, kwa nusu ya bei yake, na foleni ya magari inahamia huko.